Idi Kubwa Inarudi Kwenye Mvua: Tuangalie Kinamasi, Mbu na Mbuzi Wetu



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu wa Nakivale na wa Mbarara mjini, safari hii tunataka kuzungumza jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia madaktari wa mifugo na watu wa mbuga. Linahusu mbuzi tunaowafunga nyuma ya nyumba, ng'ombe wa jirani wanaoingia kwenye mahindi yetu, kinamasi cha Ziwa Nakivale, na wanyama wa mbuga ya Ziwa Mburo ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona, ingawa ukipima kwa mstari ulionyooka wako karibu nasi kuliko Mbarara yenyewe. Na linahusu Idi.

Tuanze na kalenda. Idi ya kuchinja haikai mahali pamoja. Kwa kuwa mwaka wetu unafuata mwezi mwandamo, kila mwaka Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2025 tulichinja tarehe 6 Juni, masika yakiwa yamekwisha na kiangazi kimeingia. Mwaka 2027 inatarajiwa kuwa katikati ya Mei. Mwaka 2029 na 2030, tukijaaliwa uhai, itaangukia Aprili, na Aprili huku Isingiro na Mbarara ni mwezi wa mvua. Mara ya mwisho Idi kubwa kuwa Aprili ilikuwa mwaka 1996 hadi 1998. Wakati ule Nakivale ilikuwa na watu wachache kuliko sasa, na mbuzi wachache zaidi.

Mtu atauliza, mvua na Idi vina uhusiano gani, si tunatandika turubai tunachinja? Uhusiano upo, na jina lake ni Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu nchini Kenya, upande wa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kondoo walipokuwa wakitupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi. Virusi vyake huenezwa na mbu. Kuna aina za mbu ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu muda mrefu, hata miaka, yakiwa yamebeba virusi tangu kwa mama. Mvua kubwa ikija na maji yakasimama siku za kutosha, yanaanguliwa yote kwa pamoja. Mbu wa kwanza wanauma mifugo iliyo karibu, mifugo inaugua, kisha mbu wa aina nyingine wanaozaliana kwenye maji yaliyosimama wanachukua virusi kutoka kwa mifugo na kuvisambaza mbali zaidi. Ndiyo maana ugonjwa unalala miaka mingi mpaka watu wanausahau, halafu unaamka na mvua.

Dalili ya kwanza si binadamu kuugua. Ni mbuzi, kondoo na ng'ombe wenye mimba kuzitupa, wengi kwa wakati mmoja, na watoto wao wachanga kufa. Binadamu hufuata. Wengi wetu tukiupata tunaona homa, maumivu ya misuli na kichwa, tunadhani ni malaria, tunameza vidonge na kupona. Lakini wachache hupata madhara ya macho, au ya ubongo, au hutokwa damu na kufariki. Na hapa ndipo penye maneno yetu: binadamu wengi hawaupati kwa kuumwa na mbu bali kwa damu. Anaupata mchunaji, anayetoa matumbo, anayemzalisha mnyama kwa mikono mitupu, anayeshika mimba iliyotupwa ili kuifukia, na anayekunywa maziwa mabichi. Nyama iliyopikwa ikaiva haina tatizo. Tatizo liko pale chini ya mti asubuhi ya Idi, watoto wakiwa wamezunguka kuangalia.

Mwezi Machi 2016 ugonjwa huu ulithibitishwa Kabale, baada ya miaka zaidi ya arobaini bila mgonjwa wa aina hiyo kuripotiwa Uganda. Mmoja wa wagonjwa wale wa kwanza alikuwa mchinjaji. Mwaka 2023 ukathibitishwa tena kwa watu na mifugo, safari hii hapa hapa Mbarara na katika wilaya za jirani. Kwa hiyo hatuzungumzii habari za mbali.

Ndugu zetu Wasomali waliomo humu kambini hawahitaji kufundishwa hili. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipoifanya Garissa na bonde la Juba kuwa bahari, mifugo ilikufa na watu walikufa. Mwaka 2000 ugonjwa ukavuka Bahari ya Sham ukatokea Saudia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, na Saudia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Mlango ule haukufunguliwa mpaka mwaka 2009. Fikiria familia iliyokuwa ikiuza kondoo kupitia Berbera kwa ajili ya msimu wa Hija, kila mwaka, baba na babu, halafu miaka tisa soko limefungwa. Wapo waliouza kwa bei ya kutupa, wapo walioacha ufugaji kabisa.

Kisha mwishoni mwa 2006 mvua zikarudi kwa nguvu kaskazini mashariki mwa Kenya. Idi ya kuchinja mwaka ule ilikuwa tarehe 30 na 31 Desemba, katikati kabisa ya mlipuko. Serikali ikafunga minada na kuzuia uchinjaji katika maeneo yaliyoathirika, na waumini wakakaa wakijiuliza wafanye nini na ibada yao. Zaidi ya watu 150 walifariki Kenya peke yake kabla ugonjwa haujatulia, na Tanzania na Somalia nazo zilipata sehemu yao. Hiyo ndiyo picha tunayotaka familia zetu ziweke akilini zinapohesabu kwamba Idi inarudi kwenye mvua. Si lazima itokee. Mvua ya kawaida ya Aprili siyo mafuriko ya El Nino, na ugonjwa hauji kila masika. Lakini mwenye nyumba ya nyasi hangoji moto ndipo atafute ndoo.

Sasa tuje kwenye mazingira yenyewe, maana mbu haanguliwi hewani.

Mto Rwizi unatoka katika vilima vya Buhweju, unapita katikati ya Mbarara, unawanywesha watu wa mjini, kisha unateremka mashariki kulisha maziwa madogo ya Mburo, Nakivale na mengine kabla maji hayajafika Ziwa Viktoria. Yale tunayoyafanya Mbarara yanafika Nakivale. Kwa miaka mingi watu wamekausha vinamasi vya Rwizi wakalima na kupanda mikaratusi, wamechimba mchanga, wamefyatua matofali kingoni. Kinamasi chenye mafunjo ni kama sponji: kinakunywa mvua inapozidi na kuitoa polepole inapopungua. Ukikiondoa, mvua ikinyesha maji yanakuja yote kwa siku moja na udongo wake, na mvua ikikatika mto unabaki mfereji. Tuliona mwaka 2016 na 2017, ukame ulipoikamata Isingiro, migomba ikanyauka, watu wakakosa chakula katika wilaya inayosifika kwa matoke, na Rwizi ukapungua mpaka wenye mabomba mjini wakaingiwa na hofu.

Na yale mashimo? Kila shimo la matofali lililoachwa wazi, kila shimo la mchanga, ni bwawa la mbu mvua inaponyesha. Hatusemi kwamba matofali ndiyo yanayoleta Homa ya Bonde la Ufa. Tunasema kwamba maji yaliyosimama karibu na zizi ni kitu tunachokitengeneza kwa mikono yetu, tena bure.

Kuhusu ziwa letu, wengi hawajui kwamba mfumo wa vinamasi vya Mburo na Nakivale uliandikishwa mwaka 2006 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye umuhimu, chini ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Humo yumo ndege yule mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, korongo nyangumi, na wamo samaki wadogo ambao katika maziwa makubwa wametoweka. Ziwa Nakivale ni la kina kifupi; udongo ukiporomoka kutoka vilima vilivyokatwa miti, unajaza chini, na ngege na kambale wanakosa mahali pa kuzalia kwenye mafunjo. Anayevua anaona nyavu zinarudi nyepesi. Anayefuga anaona maji yamekuwa tope, na ng'ombe wanakunywa pale pale wanaponya.

Tuseme ukweli wa upande wetu pia. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, yakapokea Watutsi wa Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Wahabeshi, Waeritrea na wengine. Kila basi jipya likija, kiwanja kinapungua. Mgao wa chakula umepunguzwa, na mwenye watoto sita hawezi kuambiwa aangalie ndege. Kwa hiyo watu wamelima mpaka kwenye maji, na kuni zimekatwa mpaka kwenye vilele. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinakataza kulima kandokando ya ziwa na ndani ya kinamasi, lakini kanuni haijazi sufuria. Hata hivyo wanaolima kinamasi si wakimbizi peke yao, na wenye makundi makubwa ya ng'ombe wanaoswagwa usiku kupitia mashamba yetu si wakimbizi. Kila upande umezoea kuonyesha kidole upande wa pili. Ziwa linapungua kwa wote wawili.

Wapo wanaosema chanzo cha maradhi ya mifugo ni wanyama wa mwituni, na dawa ni kuwamaliza. Maneno haya tunayasikia hata kutoka kwa watu wazima wenye busara zao. Basi tuwakumbushe kwamba Ankole imeshajaribu, na historia yake inafaa kusomwa na kila mwenye ng'ombe.

Katika miaka ya 1890 ilikuja sotoka. Ilitoka kaskazini, kutoka upande wa Uhabeshi, ikashuka Afrika Mashariki yote hadi kusini mwa bara. Iliua karibu ng'ombe wote wa Ankole, na iliua nyati na swala vilevile. Haikuchagua wa kufugwa na wa mwituni. Ng'ombe walipokwisha, hakukuwa na midomo ya kula majani wala watu wa kuchoma malisho, vichaka vikaota. Vichaka vikaleta ndorobo. Ndorobo akaleta nagana, na nyika nzuri za malisho, zile za mashariki ambako sasa ni Ziwa Mburo, zikawa hazifai kwa ng'ombe kwa miongo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ikaamua kumnyima ndorobo chakula: ikafyeka vichaka na kupiga risasi maelfu ya wanyama wa mwituni. Ndorobo alipungua, ni kweli. Lakini vichaka vilirudi. Mburo ikatangazwa mbuga ya taifa mwaka 1983, wafugaji wakatolewa. Vita vilipokwisha wakarudi kwa hasira, na mwaka 1987 sehemu kubwa ya mbuga ikakatwa wakapewa watu. Leo tembo hawako, simba waliokuwepo wameuawa, na miti ya mgunga imesonga malisho kwa sababu hakuna tembo wa kuing'oa. Punda milia na swala pala wanatoka nje ya mbuga kutafuta majani mafupi kwenye ranchi za watu, na hapo ndipo wanapokutana na ng'ombe. Mwaka 2015 waliletwa twiga kumi na tano kutoka Murchison Falls, na mojawapo ya faida zilizotajwa ni kwamba wangekula ile migunga. Angalia mzunguko: tuliwaondoa waliokuwa wakipunguza miti, sasa tunaleta wengine kwa lori.

Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011. Haikutokomezwa kwa kuua nyati. Ilitokomezwa kwa kuchanja ng'ombe, na ng'ombe walipopona nyati nao wakapona. Kwa hiyo safari ile mgonjwa aliyekuwa akiwaambukiza wa mwituni alikuwa ng'ombe wetu.

Hatusemi kwamba nyati hana madhara. Nyati anabeba vijidudu vya ndigana bila kuumwa, na anabeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka. Kupe wa masikio anayemuuma nyati akashuka kwenye majani, akapanda juu ya ng'ombe, anaweza kumuua. Lakini hapa napo mazingira yana neno. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu amezaliwa na kupe, ndama anaumwa kidogo na anayepona anabaki na kinga. Yule mweupe na mweusi wa maziwa, ambaye kila mtu Mbarara anamtaka kwa sababu viwanda vya maziwa vinalipa, hana kinga hiyo. Anaogeshwa dawa kila wiki, na kwa sababu dawa zinachanganywa ovyo, zinapunguzwa nguvu, au zinanunuliwa feki, kupe wa kusini magharibi mwa Uganda wamekuwa sugu kwa dawa nyingi. Mfugaji anaongeza kipimo, anachanganya na dawa ya nyanya, na maji ya kuogeshea yanateremka kwenye Rwizi. Yanakwenda wapi baada ya hapo, tumeshasema.

Ukame nao una ugonjwa wake, kimeta. Mbegu zake hukaa ardhini miaka na miaka. Majani yakiisha, wanyama wanalamba udongo na kujazana penye maji machache. Mwaka 2004 na 2005 viboko takriban mia tatu walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Queen Elizabeth, na mwaka 2018 ugonjwa ulitokea Kiruhura, jirani zetu. Watu wengi wanaopata kimeta Uganda wanapata kwa kula au kuchuna mnyama aliyejifia. Kwetu mzoga ni haramu, na alhamdulillah katazo hilo limeziokoa nyumba nyingi. Lakini kuna jambo tunaliona: ng'ombe anaanguka, mwenyewe anakimbilia kisu amchinje kabla hajakata roho ili asipate hasara, nyama inagawiwa kwa bei ya chini. Kwa jina ni halali. Kwa kimeta haina tofauti, kwa sababu damu ile ikimwagika mbegu zinasambaa ardhini kusubiri ng'ombe wa miaka ijayo. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa damu ikimtoka puani na isigande, asipasuliwe wala asichunwe. Afukiwe kwa kina au achomwe, na bwana mifugo aitwe.

Turudi kwenye Idi, maana ndiko tulikotaka kufika.

Wanazuoni wameshaeleza kwamba mnyama wa udh-hiya asiwe mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko wazi, wala chongo, wala kiwete, wala aliyekonda akaisha. Sharti hili tunalitekeleza kwa macho ya siku moja: tunamwangalia mbuzi mnadani, anatembea, anakula, basi. Kwa maradhi tuliyoyataja macho ya siku moja hayatoshi. Mbuzi anaweza kuonekana mzima leo huku virusi vimo kwenye damu yake. Kinachosaidia ni kumjua alikotoka. Je, zizini kwao mbuzi wametupa mimba mwezi huu? Je, wilaya yao imefungwa? Ndiyo maana tunashauri wenye uwezo wanunue wiki tatu au nne kabla, kwa jirani wanayemfahamu, na mnyama akae nyumbani akiangaliwa. Gharama ya majani kwa wiki tatu ni ndogo kuliko bei ya mnadani siku mbili kabla ya Idi. Kila mtu anajua inavyopanda.

Kuhusu karantini tunataka kusema bila kuzungusha. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilifunga biashara ya mifugo katika wilaya zaidi ya thelathini kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na wafugaji wa Ankole waliumia sana. Mtu ana ng'ombe ishirini na hana ada ya shule. Tunawaelewa. Lakini mnyama anayevushwa usiku kukwepa kizuizi ili auzwe kwa Waislamu wa Idi anatuletea maradhi mlangoni, na anayemnunua akijua ameshirikiana naye. Udh-hiya kwa madhehebu ambayo wengi wetu huku tunayafuata ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo. Wilaya ikifungwa, mtu hajakosa dini yake. Wapo mashekhe wanaoruhusu kumwakilisha ndugu wa mahali pengine akuchinjie huko. Waulizwe mapema, wasiulizwe asubuhi ya sikukuu.

Neno zito zaidi tunalipeleka kwa jumuiya na wafadhili wanaotuma fedha za udh-hiya kutoka nje. Tunawashukuru, na wapo watoto humu ambao nyama wanaionja siku ile tu. Lakini utaratibu wenyewe tunauona una hatari: mfanyabiashara mmoja anapewa zabuni, anakusanya ng'ombe kutoka minada mitano au sita, wanashushwa mahali pamoja siku moja kabla, wanachinjwa makumi kwa saa chache na vijana wa kujitolea wenye kandambili na mikono mitupu, picha zinapigwa, kazi imekwisha. Ukitaka kumsaidia mbu na kirusi, utafanya vivyo hivyo. Tunaomba katika kila bajeti ya ng'ombe kumi iwemo fedha ya daktari wa mifugo kuwaona walikonunuliwa, si walikoshushwa. Iwemo ya glavu, mabuti na sabuni. Na wanyama wachache wenye afya wanatosha. Hakuna aliyetuambia kwamba thawabu inahesabiwa kwa idadi ya picha.

Nyumbani, akina mama ndio wenye neno. Mjamzito asishike damu wala matumbo mabichi, na kazi hiyo mara nyingi anaachiwa yeye. Watoto wakae mbali mpaka pamesafishwa. Maziwa yachemshwe, hata yale ya jirani mnayemwamini na hata wale wanaosema ya kuchemsha yameondolewa baraka. Mbuzi wako wakitupa mimba wawili watatu kwa pamoja, usingoje. Mwambie bwana mifugo na mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, na mtu wa nyumba hiyo akipata homa amwambie daktari kwamba amegusa mifugo, asiseme malaria tu. Chanjo ya mifugo ya ugonjwa huu ipo, lakini inatakiwa ichomwe kabla. Mlipuko ukishaanza, sindano moja inayopita kwa wanyama wengi inaweza kuusambaza. Kwa hiyo wafugaji wetu waiulizie kiangazi, si siku ya mafuriko.

Na mashimo yafukiwe. Vijana wa kufyatua matofali wa Base Camp, Juru na Rubondo wanajua mashimo yao yako wapi. Mafunjo yaliyobaki ukingoni mwa ziwa yaachwe, angalau pale penye njia za maji, na wenye ng'ombe wakubaliane na wenye mashamba njia moja ya kunyweshea badala ya kila kundi kufungua yake. Mazungumzo hayo yamewahi kuanza na kufa mara kadhaa. Viongozi wa misikiti na wa makanisa, wa wakimbizi na wa wenyeji, wakikaa pamoja yanaweza kufufuka kabla ya mvua, kwa kuwa wakati wa mvua kila mtu yuko shambani.

Tunapendekeza pia kila msikiti uwe na mahali pamoja pa kuchinjia, penye kivuli, mbali na kisima, na shimo la damu na matumbo lililochimbwa na kuandaliwa mfuniko wake tangu wiki ya kwanza ya Dhul Hijja. Kwa sasa mahali pengi shimo linachimbwa asubuhi ileile, mnyama akiwa ameshalazwa, kwa jembe la kuazima.